Medard Aliyekataa Kalamu

Waliomfahamu Medard pale Black Rock, mtaa wetu wa Buffalo huku Amerika, walikuwa tayari kuapa kwa Biblia kwamba mtu yule hawezi kuua hata panya. Wangeapa bure. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, saa saba mchana, alimpiga binti yake wa pekee kofi lililomvunja jino. Alipoanguka akampiga tena, na mkewe alipomshika mkono akamsukuma hadi kwenye friji. Chanzo chake kilikuwa karatasi ya uchaguzi wa diwani.

Lakini tusiparamie mti kwa matawi. Medard alizaliwa Burundi, kwenye kilima cha kahawa na migomba, na ujana wake ulimalizikia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, ambako alikaa miaka kumi na mitano na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yake. Amerika ilimpokelea Louisville. Huko walimpa kazi kwenye kiwanda cha nyama, akaacha baada ya siku tisa bila kueleza sababu, wakati wenzake walikuwa wakiipigania kazi hiyohiyo. Wakahamia Columbus, akabeba mizigo ghalani. Mwishowe wakasikia kwamba Buffalo kuna nyumba za bei ya kutupwa, nao wakanunua moja ya mbao, yenye baraza lililoinama upande kana kwamba linamsikiliza jirani. Tangu hapo alifanya kazi Tonawanda, kwenye kiwanda cha maboksi. Kanisani aliimba besi.

Na hakujua kusoma. Jambo hilo lilijulikana na watu wote, na lilitaniwa kwa upendo. Kambini alitia dole gumba kwenye kila karatasi ya mgao. Kiwandani alijifunza vitufe vya mashine kwa rangi. Kitabu cha nyimbo alikishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe, kwa adabu tu. Binti yake, Irakoze, alianza kumsomea bili za umeme na barua za shule akiwa na miaka minane, na sasa alikuwa na ishirini na mmoja, bado anamsomea. Veridiana, mkewe, alijitolea mara nyingi kumfundisha.

"Baba Irakoze, hata jina lako tu," alimbembeleza. "Herufi sita, zitakushinda?"

"Kichwa changu kimeshakuwa kigumu, mama. Niache."

Kwa hiyo alipofika wakati wa kuomba uraia, ambapo mtu huambiwa aandike sentensi moja ya Kiingereza mbele ya afisa, Medard alikataa kwenda. Veridiana aliandika sentensi yake, akaapa, akapata uraia, na Irakoze akaupata kupitia kwake kwa kuwa alikuwa bado mtoto. Medard alibaki na kadi yake ya kijani.

Sasa nikwambie ambalo Black Rock nzima haikulijua. Medard alijua kusoma na kuandika kuliko wengi waliomcheka. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na mwandiko wake ulisifiwa kilima kizima, watu wakimletea barua zao za posa awaandikie. Aliificha elimu yake kwa miaka thelathini, kama mwingine anavyoficha bunduki. Hakuwaogopa polisi wala njaa. Alichoogopa kilikuwa kimoja: Veridiana asije akajua. Akijua, atauliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu. Siku atakapolisikia, Medard alijua, hatakuwa na mke tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na hii ilimkwaruza kila mwaka Oktoba. Kila Oktoba Veridiana alisimama kanisani kutoa shukrani. Alisimulia jinsi alivyokuwa bondeni akichimba viazi, msichana wa miaka kumi na sita, kijana Medard akatokea mbio, kifua wazi, amelowa maji, akamshika mkono, akasema, Mungu ameniambia tukimbie. Nyuma yao siku ileile waliuawa baba yake, mama yake na wadogo zake watatu. Wao wawili walitembea siku mbili hadi mpakani. "Mungu alimtuma mtu huyu," Veridiana alisema, na sadaka yake ilikuwa nene kuliko ya wenye magari makubwa. Medard aliinamisha kichwa. Watu walisema huo ni unyenyekevu.

Basi mwaka huo kiti cha diwani wa upande wetu kikagombewa, na miongoni mwa wagombea akajitokeza Bilha, Mkenya aliyekuja kusoma akaishia kufanya kazi katika ofisi ya wanasheria wa wahamiaji. Mwanamke wa maneno mepesi na viatu vizito. Wakati wa baridi alikuwa amekuja kanisani kwetu kufundisha sheria, akawageukia wanaume.

"Wazee, please mnisikize. Hapa ukimpiga mtu nyumbani kwako na huna citizenship, hiyo ni case. Wataku-deport. Si jokes."

Wanaume walicheka. Medard alicheka pia, maana hakuwahi kuinua mkono. Irakoze aliyekuwa benchi la nyuma alimpenda Bilha papo hapo, na majira ya kuchipua yalipofika akaanza kumfanyia kampeni, mlango kwa mlango, kila Jumamosi.

"Acha mambo ya uchaguzi," baba yake alimwambia.

"Baba, hapa si Burundi," alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huku wanavyojibu, kisha akambusu shavuni na kutoka.

Medard alilala vibaya miezi yote miwili ya kampeni. Akiwa kwenye mashine kiwandani aliona binti yake akibisha hodi kwenye milango, na nyuma ya kila mlango aliona watu ambao hawakuwapo. Siku moja kisu cha mashine nusura kimkate vidole.

Jumamosi hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Veridiana alikuwa jikoni anasonga ugali, dagaa wameshaiva. Irakoze aliingia amelowa chapachapa, akavua koti, akaweka mezani, mbele ya baba yake, ubao mwembamba uliobaniwa karatasi. Hakuona haja ya kuuficha. Nani anamfichia karatasi mtu asiyejua kusoma?

Medard aliinamisha macho, na macho yakafanya kazi yaliyonyimwa miaka thelathini. Ilikuwa orodha. Mtaa wao, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio. Namba ya nyumba, majina ya waliomo, umri wao, chama chao. Hakizimana, arobaini na mbili. Mkewe, thelathini na tisa. Rwema. Précieuse. Pembeni mwa kila jina kulikuwa na tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko mwembamba, ulionyooka, mzuri. Ulikuwa mwandiko wake yeye. Binti alikuwa ameurithi bila kufundishwa.

"Hizi namba za nini?" Veridiana aliuliza akichungulia begani.

"Moja ni mtu wetu," Irakoze alisema akijikausha nywele. "Tano ni mtu wao. Tatu ni wale hawajaamua. Siku ya kura tunajua mlango gani wa kugonga."

"Na Mzee Karekezi wa mwisho wa mtaa? Alikukaribisha?"

"Sikufika kwake. Mvua, mama. Nyumba tatu za mwisho nimekisia tu." Irakoze alicheka. "Karekezi nimempa tano. Yule mzee kila siku amenuna, hawezi kuwa wetu."

Medard aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umemwuliza?" alisema.

"Nini?"

"Karekezi. Ulibisha hodi, ukamwuliza?"

"Baba, ni karatasi tu."

Hapo ndipo kofi lilipotua. Lilikuwa kofi la mtu anayebeba maboksi siku tano kwa wiki, nalo lilimtupa msichana kwenye ukingo wa jiko, mdomo ukagonga chuma. Alipoanguka Medard alimfuata, akampiga mgongoni kwa ule ubao, mara moja, mara mbili, na ubao ukapasuka. Veridiana aliuacha mwiko, akamrukia mkono. Akasukumwa. Friji iliyumba, chupa zikapasuka ndani. Medard alikuwa ameshawasha jiko la gesi upande wa pili, anazichana karatasi na kuzitia motoni moja moja, na kwa kila iliyoingia alipaza sauti yake ya besi akisoma: "Hakizimana! Arobaini na mbili! Rwema! Sitini na mmoja! Karekezi! Sitini na nane!" Alisoma bila kukwama hata jina moja. Vidole vyake viliungua, hakuvitoa.

Karatasi zilikwisha. Jikoni kukanuka moshi na ugali ulioanza kushika chini. Irakoze aliketi sakafuni, damu inamchuruzika kwenye viganja, na katikati ya damu kipande cheupe cha jino.

"Baba," alisema. "Umesoma."

Veridiana alimtazama mumewe, kisha akaitazama ile miali, kisha akamtazama tena. Nadhani hata wakati huo Medard angeweza kudanganya. Angeweza kusema amesikia majina mengi kwa watu, amekariri. Lakini alikuwa amemwaga damu ya mwanawe, na mtu akishafika hapo, uongo unakosa nguvu. Alizima gesi, akasema yote akiwa amesimama, macho ukutani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, uchaguzi mkubwa wa kwanza. Medard alikuwa na miaka kumi na minane, na watu wa chama, kile kilichoshinda baadaye, walimpa daftari. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kilima kabla ya kura, nyumba kwa nyumba, kuandika majina na kuweka alama: duara kwa wetu, msalaba kwa wao. Alijivunia kazi hiyo. Alichonga penseli kila asubuhi. Siku ya mwisho mvua ikanyesha, naye alikuwa na njaa, na nyumba chache zilizobaki hakuzifikia. Alijikinga chini ya mgomba, akazijaza kwa kukisia, kisha akalirudisha daftari, akasifiwa kwa mwandiko.

Oktoba rais mpya, mtu wa chama hicho, akauawa. Kesho yake asubuhi wanaume wapatao ishirini wa chama, wakiwatafuta wenye misalaba, walikuja kwao na mapanga, mikuki na marungu yenye misumari, na mmoja wao alikuwa amelishika lile daftari. "Wewe ndiye uliyeandika," wakamwambia, "na wewe ndiye utakayesoma."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Mwalimu alitoka, akaliona daftari mkononi mwa kijana, akautambua mwandiko aliofundisha mwenyewe. Medard alisoma jina lake. Walimkata mguu kwanza, ili asikimbie, kisha shingo, na ilichukua mapigo mengi, maana panga lilikuwa butu. Mkewe walimmaliza mlangoni. Nyumba ya pili walikuwa wazee wawili, walipigwa marungu kitandani. Nyumba ya tatu walikuta mama na watoto wanne. Medard alisoma majina ya watoto pia, kwa sababu aliyaandika, kwa sababu siku ile alitaka daftari lake likamilike. Ya nne ilichomwa moto na watu wakiwa ndani, mlango umezuiwa kwa gogo. Kila walipomaliza walimgeukia: "Anayefuata?" Naye alisoma anayefuata. Damu ilimrukia shati, usoni, kwenye kurasa.

Nyumba ya sita alitapika. Wakamcheka, wakamwambia akanawe mtoni, arudi haraka. Alishuka kilima taratibu hadi migomba ilipomficha, kisha akakimbia. Alijua utaratibu wote kichwani. Ya saba, ya nane. Ya tisa ilikuwa ya baba yake Veridiana.

Irakoze aliacha kulia. Mama yake alikuwa ameinama kuuchomoa mwiko kwenye sufuria, akabaki ameinama.

"Ya tisa," Veridiana alisema.

"Ndiyo."

"Ulimwekea msalaba."

"Ndiyo."

"Alikwambia yeye ni wa chama kile kingine?"

"Sikumwuliza. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa ana shamba kubwa la kahawa, nikasema watu wa namna hiyo si wetu."

Veridiana alijiinua. Mwiko ulikuwa bado na ugali wa moto, naye alimpiga nao usoni, akampiga masikioni, akampiga kwenye vidole vilivyoungua, hadi mti ukavunjika. Medard hakukinga. Ngozi ya shavu ilimwiva na kuvimba, na ugali ulimgandia kwenye kope.

"Alipiga kura yenu," Veridiana alisema akihema. "Aliamka alfajiri. Aliazima shati kwa mdogo wake aende kuwapigia kura ninyi. Ndiyo maana siku ile hakukimbia. Alituambia, hawana neno na mimi, hawa ni watu wangu."

Hilo Medard hakulijua. Miaka thelathini alijiambia kwamba huenda alikisia sawa, na kwamba kama alikisia sawa basi kosa lake lilikuwa nusu. Akajishika kwenye meza.

"Njia ya kuja bondeni," Veridiana akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuna njia nyingine. Inapita mlangoni kwetu."

"Ndiyo."

"Ulimwona."

"Nilimwona. Alikuwa anafungua mbuzi kwenye kamba. Mama yako alikuwa ndani na watoto, niliwasikia. Nilijiambia, nikisema watatoka wote, watoto watalia, tutaonekana kwenye mteremko, tutakufa wote. Nilijiambia, nimchukue mmoja. Na niliogopa ataniuliza nimejuaje."

"Alikwambia nini?"

Nje gari lilipita likirusha maji ya mvua. Jirani alikuwa amewasha redio.

"Baba yangu alikwambia nini?"

"Alinisalimia. Aliona shati langu lina damu. Akaniuliza, kijana, mmechinja leo?" Medard alifuta ugali kwenye jicho, akaendelea. "Nikamwambia, ndiyo baba, mbuzi. Akacheka. Akasema, basi msinisahau."

Kwa watu wa kilima kile, anayechinja humpelekea jirani fungu lake. Veridiana alilijua hilo, na aliijua ile sauti ya baba yake akitania kuhusu nyama. Kisha akachukua kitambaa, akakiloweka maji ya baridi, akamfuta binti yake mdomo na shingo. Akaokota kile kipande cha jino, akakifunga kwenye karatasi ya jikoni, akachukua funguo za gari.

"Mama Irakoze," Medard alisema.

Alimpita kama anavyompita mtu asiyemfahamu kituo cha basi.

Kliniki ya dharura iko Kenmore, dakika kumi kwa gari. Njiani Irakoze, mdomo umevimba, alisema maneno yaliyomtoka nusunusu: kwamba Baba alikuwa mtoto tu wakati ule, kwamba alilazimishwa, kwamba yeye mwenyewe amemsamehe lile kofi. Kwamba Karekezi kweli hakumwuliza. Mama yake aliendesha gari, mikono yote miwili kwenye usukani, hakugeuka.

Nesi alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole. Alimwangalia msichana kinywani, akaziona alama za ubao mgongoni, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Akauliza nani amefanya hivi.

"Nimeanguka," Irakoze alisema haraka kwa Kiingereza. "Ngazi zimelowa." Kisha akamgeukia mama yake kwa Kiswahili, akinong'ona: "Mama, tafadhali. Hana uraia. Unakumbuka Bilha alivyosema. Watamrudisha kule."

Veridiana alikumbuka. Siku ile alikuwa ameketi benchi la mbele. Alimwangalia binti yake, akamtengeneza ukosi wa koti, kisha akamgeukia nesi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hiki kilimtosha. Akasema ni mume wake. Nesi akauliza jina. Veridiana akalitaja, na kwa kuwa nesi hakulisikia vizuri, akalirudia herufi moja moja, polepole, zote sita, akitazama kila moja inavyoandikwa.